Onesimo Amerudi, Ataketi Wapi?

Somo: Filemoni 1:8–21

Waraka huu una mistari 25 tu, na wengi huupita upesi wakielekea Waebrania. Mfungwa anamwandikia tajiri. Filemoni ana nyumba ambamo kanisa hukutana, na ana watumwa. Paulo ana minyororo. Kati yao yupo Onesimo, ambaye kwa sheria ya Kirumi ni mali ya Filemoni kama ng'ombe wake. Amekutana na Paulo kifungoni, ameamini, na sasa anarudishwa.

Paulo asema wazi kuwa angeweza kuamuru. Anaiweka amri kando, anaomba. Sisi tuliozoea maagizo kutoka juu twaweza kuuona huo kuwa unyonge. Lakini tazama anavyofanya na cheo chake: hasara yoyote aliyoileta Onesimo, adaiwe yeye Paulo, na ahadi hiyo anaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mtume ajitwika deni la mtumwa!

Kisha Filemoni ampokeeje Onesimo? Kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe. Yaani maji ya kunawa miguu, kiti cha heshima, chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni mkubwa. Tena waraka umeelekezwa pia kwa Afia, kwa Arkipo na kwa kanisa la nyumbani mwake, hivyo Filemoni hataamua peke yake chumbani. Paulo alijua anachofanya.

Wapo wanaouliza kwa nini hakuulaani utumwa waziwazi. Swali hilo ni zito, hasa kwetu wa pwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini likajengwa mahali pale pale. Kwa karne nyingi Wakristo wa mataifa mengi walimiliki watu huku waraka huu umo katika Biblia zao. Walikubali kwamba mtumwa ni ndugu yao ibadani, basi. Paulo alikuwa amekwisha kuufunga mlango huo katika mstari wa 16: Onesimo ni ndugu katika Bwana, na katika mwili pia. Udugu wa mwilini ni wa sebuleni, wa mezani, wa malipo.

Hapo ndipo neno linapotugusa. Dada wa kazi tunaketi naye benchi moja Jumapili, tunamwita mpendwa, tunashiriki naye Meza ya Bwana. Tukifika nyumbani anakula jikoni, wa mwisho, na mshahara wake unangoja mwezi ukae vizuri. Mchungaji akija, sahani nzuri zinashushwa kabatini.

Ndugu yangu, kabla ya Jumapili ijayo mlipe dada huyo mshahara wa mwezi uliopita, wote, kisha mwite mezani ale pamoja nanyi.