Msiseme Ni Uzee

Ndugu zangu, leo sihubiri habari za mbinguni. Nahubiri habari za kiroba kilichoegemea ukuta wa stoo yako, kile ulichokifunga kwa kamba ya katani na kukipa jina: mahindi ya mbwa.

Mnajua kilichomo. Ni punje zilizonyeshewa, zikaota ukungu wa kijani, zikavunda. Mama wa nyumba alizichambua kwenye ungo akasema hizi hazifai kuliwa na mtu. Kweli kabisa! Kisha zikaenda mashineni, zikarudi unga, unga ukasongwa ugali, ugali ukawekwa mbele ya yule asiyeweza kuuliza ulikotoka. Miaka kumi anaula, na miaka kumi anakesha wewe ukikoroma. Mwaka wa kumi na moja anakonda, anamaliza ndoo ya maji, anatapika nyongo asubuhi, nawe unapita na funguo mkononi ukisema: huo ni uzee tu.

Nani kakwambia? Uzee hautii macho umanjano! Uzee haujazi tumbo maji huku mbavu zinahesabika! Uzee haugeuzi mkojo ukawa kama chai ya rangi!

Sumu ya ukungu ule inaitwa sumukuvu, na moto wa jiko hauimalizi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na jirani zake mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Mwaka 2016 ikabisha hodi Dodoma na Manyara. Na zamani zaidi, miaka ya 1950, kusini mwa Marekani mbwa walikufa kwa homa ya ini ambayo wataalamu hawakuitambua, wakaiita kwa herufi X tu. Baadaye ikabainika kuwa chanzo ni chakula chenye ukungu. Mbwa walitangulia kutuonya.

Ini ni mtumishi asiyenung'unika. Linaondoa sumu, linatengeneza nyongo, linaweka akiba ya sukari, linatoa vitu vya kugandisha damu mtu akijikata, na mbwa vilevile. Liharibike robo, linafanya kazi. Liharibike nusu, bado linafanya kazi. Dalili unazoziona wewe mara nyingi huja zaidi ya theluthi mbili zikiwa zimekwenda. Siku unaposhtuka, lenyewe limeshabeba mzigo miezi mingi.

Wazee wetu hawakukosea waliposema mwenye uchungu amekatwa maini. Mimi nilikatwa. Mbwa wangu Simba alikuwa na miaka 11. Jioni moja nilimkuta jikoni amesimama, paji la uso kalikandamiza ukutani, haendi mbele wala nyuma. Nikacheka! Nikasema mzee kasahau mlango. Daktari wa mifugo ndiye aliyenieleza: ini likishindwa, amonia inayotoka tumboni hupanda na damu mpaka kwenye ubongo, na mbwa hupotea ndani ya nyumba aliyoilinda maisha yake yote. Alipoinua mdomo wa Simba, fizi zilikuwa rangi ya embe bivu. Na juma lililotangulia, alipokuwa akichechemea, nilimpa vidonge viwili vya parasetamoli kwa mkono huu huu, dawa inayoweza kuliua ini la mbwa na kumharibia damu. Mimi, ninayewafundisha watoto kipaimara!

Mithali sura ya 12 inapompima mwenye haki, inakwenda kumpimia kwa mnyama wake. Nilipimwa nikaonekana nimepungua.

Lakini msitoke hapa mkadhani kila umanjano ni kiroba. Homa ya mgunda, ile iliyoishtua Lindi mwaka 2022, hutoka kwenye mkojo wa panya, humshika mbwa ini na figo, na mbwa anaweza kukupa wewe. Chanjo ya mbwa ipo, ulizeni. Kupe nao huleta vijidudu vinavyopasua chembe za damu, macho yakawa manjano ilhali ini halikuanza ugomvi. Na yupo mbwa mzee mwenye kitambi, mwenye njaa na kiu isiyoisha, kumbe tatizo lake ni homoni. Acheni unabii wa kutazama kwa macho, apimwe damu.

Wengine mkisikia ini mtamnyima nyama kabisa. Nani kawaagiza? Mwili unaotibu kidonda unadai protini: yai, samaki, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Hupunguzwa pale ubongo ulipoguswa, tena kwa kauli ya daktari. Kwa maana ini limepewa neema ambayo moyo haukupewa: likiwahiwa kabla halijawa kovu tupu, likaondolewa kinacholiua, huota upya.

Simba hakuwahiwa. Alikaa majuma matano. Alfajiri ya mwisho nilimkuta mlangoni, akanipigia mkia sakafuni mara mbili, mimi niliyemlisha ugali wa kiroba.

Kiroba kile kifukieni leo, kabla jua halijazama. Shimo liwe refu, kuku wasilifukue.