Kiingereza Anachokisikia Mtoto Nyumbani

Katika nyumba nyingi za mijini zenye watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza imeingia sheria mpya: ukishaingia ndani, Kiswahili marufuku. Wanaoiweka ni baba na mama ambao wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia nchini Tanzania tangu 1967. Nia yao ni njema. Hofu yangu ni kwamba sisi wazazi hatujajiuliza vya kutosha mtoto anaokota nini vinywani mwetu.

Mtoto wa jirani, yuko darasa la nne, aliandika kwenye insha yake "We discussed about the exam". Mwalimu akaikata "about" kwa kalamu nyekundu. Mtoto akarudi nyumbani analia: mbona baba ndivyo anavyosema? Na kweli baba ndivyo anavyosema. Chini kidogo, kwenye ukurasa uleule, shangazi alikuwa "married with a doctor" na mwandishi mwenyewe alikuwa "good in Mathematics". Hayakuwa makosa ya uvivu. Tunajadiliana kuhusu mtihani, shangazi ameolewa na daktari, mtoto ni hodari katika hesabu. Ni Kiswahili safi kilichovikwa maneno ya Kiingereza, na mshonaji ni mzazi.

Lugha yetu haina haja ya vihusishi vingi. Mtu yuko nyumbani, ameingia nyumbani, ametoka nyumbani. Kiambishi ni kilekile, na kitenzi ndicho kinachobeba mwelekeo. "Kwenye" nayo inatutosha kwa basi, teksi na mkutano. Kiingereza hakikubali hivyo: abiria yuko "on the bus" lakini "in the taxi", na mjumbe yuko "at the meeting". Ukiuliza sababu, mara nyingi hutapewa kanuni ya kukufaa. Sisi pia tunapiga pasi, tunapiga mswaki na tunapiga simu, wala hakuna aliyekalishwa chini akaelezwa kwa nini ni kupiga. Tulisikia wakubwa wakisema, tukasema. Vivyo hivyo Mwingereza husema "heavy rain" na "make a mistake" kwa kuwa alizikuta zimeshikana. Harold Palmer, Mwingereza aliyefanya kazi Japani, alitoa ripoti nzima kuhusu maneno yanayoandamana namna hiyo mwaka 1933, akisisitiza kwamba mwanafunzi anapaswa kuyajifunza yakiwa pamoja, bila kuyatenganisha.

Basi mtoto anahitaji kuyasikia mara nyingi, na kuyasikia yakiwa sahihi. Kiingereza cha kubahatisha anachopewa asubuhi na jioni kinamzoesha kosa, na kosa lililozoeleka katika umri huo halitoki kwa kukatwa mara moja na kalamu nyekundu. Hasara nyingine inaniuma zaidi. Mzazi anayejilazimisha lugha asiyoimudu huishia kutoa amri fupi tu, kula, lala, soma, na mazungumzo ya kweli kati yake na mwanawe yanakufa.

Wajibu wetu, kwa maoni yangu, ni kumpa mtoto Kiswahili kamili, chenye hadithi, maonyo na utani wa babu na mjukuu, kisha kutenga muda wa Kiingereza ulio na nidhamu. Baada ya chakula cha jioni zima televisheni, weka simu mbali, kaa naye, msome kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu kilichoandikwa vizuri. Mkikutana na "afraid of" au "depend on", aandike yote mawili kwenye daftari, asiandike neno la kwanza peke yake. Pale usipokuwa na uhakika, sema huna uhakika, fungua kamusi mbele yake na mtafute wote. Zipo kamusi zinazoonyesha neno gani huandamana na lipi. Ya Oxford ya aina hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 2002, na wazazi wawili watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuchangiana kuinunua na kupokezana.