Bonde Likifufuliwa, Ni la Nani?

Kila mji wa nchi zetu una mahali pake palipokatiwa tamaa. Huenda pakawa bonde lililojaa taka, chemchemi iliyozibwa na matope, kichaka kilicho nyuma ya shule ambacho watoto hukatazwa kukikaribia, au ukingo wa mto uliogeuzwa kuwa jalala. Watu hupita kando wakiziba pua, na kila mmoja humwachia mwenzake kazi ya kusikitika. Kisha siku moja hutokea kundi la watu likasema, "Basi, yatosha." Hushika majembe na mafyekeo, wakazoa taka, wakazibua mifereji, wakapanda miti, na baada ya miaka michache mahali pale huwa pa wazee kupumzikia na watoto kuchezea. Jambo hili husifiwa na wote, nasi twalisifu. Lakini chini ya sifa hizo limelala swali ambalo haliulizwi mara nyingi, nalo ndilo tutakalo kulijadili hapa: mahali palipofufuliwa huwa pa nani?

Majibu matatu husikika. La kwanza lasema kwamba ni pa yule aliyepatolea jasho, kwa kuwa asingalishika jembe pangalibaki jaa. La pili lasema kwamba ni pa watu wote, kwa kuwa ardhi ya umma haina jina la mtu. La tatu lasema kwamba ni pa serikali, kwa kuwa ndiyo yenye sheria na askari. Kila jibu lina chembe ya kweli, na kila moja likiachwa peke yake hutupeleka pabaya. La kwanza huzaa ubinafsi. La pili huturudisha tulikotoka, kwani mali ya wote aghalabu hufanywa shamba la bibi: kila mtu huchuma na hakuna apaliliaye. La tatu huwafanya wananchi kuwa wapita njia katika nchi yao wenyewe.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 237, imelieleza jambo hili kwa fikra ya kupendeza. Haisemi kwamba serikali ndiyo mwenye maziwa, mito, vinamasi na misitu ya hifadhi. Yasema kwamba serikali huvishika kwa niaba ya wananchi na kuvilinda kwa manufaa ya wote. Katika Kiswahili tunalo neno moja lililobeba fikra hiyo nzima: amana. Aliyewekewa amana hawezi kuiuza, wala kuitumia apendavyo, wala kuiacha ioze kwa kisingizio kwamba si yake. Na asili ya amana ni kwamba iko siku itadaiwa na mwenyewe.

Hapa yafaa sisi walimu wa lugha tutumie chombo chetu. Kiswahili hutenganisha mwenye na mwenyeji. Mwenye ni mtu aliye na kitu: mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye duka. Mwenyeji ni mtu wa mahali: apajua, amepazoea, na tena ndiye ampokeaye mgeni. Mtu aweza kuwa mwenye shamba asilopata kulikanyaga, na mwingine akawa mwenyeji wa bonde asilomiliki hata futi moja ya udongo wake. Rai yetu ni kwamba mahali pa umma hapahitaji mwenye, pahitaji wenyeji. Palipokatiwa tamaa ni palipokosa wenyeji, hata kama karatasi za umiliki zimejaa kabati zima.

Tutazame mifano miwili ya jirani. Msitu wa Karura jijini Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake zilianza kugawiwa watu binafsi kwa ajili ya ujenzi. Wangari Maathai na wenzake walipinga, na tarehe 8 Januari 1999, walipokwenda kupanda miti, walishambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Msitu ukaokolewa. Hata hivyo, kuokolewa si kufufuliwa. Kwa miaka kadhaa baadaye watu waliendelea kuuogopa, kwa kuwa ulikuwa maficho ya wahalifu. Ndipo sheria ya misitu ya mwaka 2005 ilipoziruhusu jumuiya za raia kushirikiana na serikali katika kutunza misitu, na kuanzia mwaka 2009 wananchi wakajiunga kufanya kazi hiyo. Ua ukajengwa, vijia vikasafishwa, na vijana wa mtaa wa Huruma unaopakana na msitu wakawa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuulinda. Leo familia hutembea humo bila hofu. Lakini hutembea baada ya kulipa kiingilio.

Mfano wa pili ni Nyandungu, bonde la kinamasi jijini Kigali. Lilikuwa limechakazwa kwa kilimo, malisho na uchafu. Kazi ya kulifufua ilianza mwaka 2016 chini ya serikali, ikapandwa miche ya asili zaidi ya 60,000 katika eneo la hekta 121, vikatengenezwa vidimbwi na njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na Julai 2022 hifadhi hiyo ikafunguliwa. Karura ilianza kwa raia waliosimama mbele ya mamlaka. Nyandungu ilianza kwa mamlaka yenyewe. Njia zilitofautiana, lakini zote mbili ziliishia kwenye lango. Na mbele ya kila lango wapo wanaoingia na wapo wanaobaki nje.

Hatusemi kwamba lango ni uovu. Tukumbuke kazi ya kinamasi. Mafunjo hupunguza kasi ya maji. Matope yakatuama, na mizizi ikafyonza sehemu ya uchafu kabla maji hayajafika ziwani. Kampala yajua hayo. Kinamasi cha Nakivubo hupokea maji machafu ya jiji na kuyapitisha kuelekea ghuba ileile ambamo jiji huvuta maji yake ya kunywa. Kila mafunjo yanapofyekwa ili kupanda magimbi au kujenga, chujio hilo hutoboka, na gharama humfikia mtu aliye mbali ambaye hata hajui jina la bonde. Kwa hiyo kusema "kila mtu na afanye atakavyo" si huruma kwa maskini. Ni kumnywesha maskini mwingine maji machafu.

Lakini tuliulize neno hili "kupuuzwa" maswali yake. Bonde limepuuzwa na nani? Mara nyingi mahali paitwapo pori tupu huwa na watu: mama alimaye magimbi, kijana afyatuaye matofali, mzee achumaye majani ya dawa, watoto watekao maji. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Sisi tunaopita barabara ya juu twaona taka tu, kwa sababu macho yetu hayakufunzwa kuona chungu. Hivyo tusemapo kwamba pamepuuzwa, huenda tukawa twakiri tu kwamba sisi ndio tuliopapuuza.

Hayo hatukuyasoma kitabuni. Miaka kadhaa iliyopita, baadhi yetu tulikuwa tukifundisha katika shule iliyo ukingoni mwa bonde dogo. Kwa Jumamosi nyingi, tukiwa na wanafunzi na majirani, tulizoa taka, tukachimbua mfereji, tukarudisha mafunjo na kupanda miti. Kazi ilipokwisha tuliunda kamati, na kamati ikaona ni vyema kuzungusha ua, kuweka lango, na kupiga marufuku kilimo. Juma lile mama mmoja aliyekuwa akilima magimbi kando ya chemchemi alitujia shuleni. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kiganda maneno ambayo twayafasiri hivi: "Walimu, mimi nilikuwa huku chini wakati nyinyi mkipita juu. Kila mvua kubwa ikinyesha ni mimi niliyeizibua chemchemi hii. Leo kazi mliyoniachia ni kuomba ufunguo."

Hatukuwa na jibu. Tungaliweza kumweleza kwamba magimbi yake yaliondoa mafunjo, na hilo lilikuwa kweli. Lakini lilikuwa kweli pia kwamba katika miaka yote ambayo sisi hatukuwapo, bonde lilikuwa na mwenyeji mmoja, na kamati yetu yenye katibu na mhuri haikumwona. Tulihesabu jasho letu tangu siku tuliyofika, kana kwamba kabla yetu hapakuwa na mtu.

Baada ya majadiliano marefu mama yule alikaribishwa katika kamati, akapewa kipande cha kulima mbali na maji, na ufunguo ukakaa kwake. Tungependa kuishia hapo kwa furaha, lakini haki haituruhusu. Wakulima wengine wawili waliondoka tulipotangaza marufuku, na hawakurudi. Hatujui walima wapi sasa. Yamkini wamehamia bonde jingine, na huko mafunjo yanafyekwa. Bonde letu limepona. Huenda jeraha lake limehamia kwa jirani.

Wapo wataalamu walioshikilia kwamba mali ya shirika ina mwisho mmoja tu, nao ni kuharibika, isipokuwa ipewe mtu mmoja au serikali. Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha kuwa sivyo. Alichunguza jamii mbalimbali zilizotunza malisho, misitu na mifereji yao kwa vizazi, akaona kwamba zilizofaulu zilikuwa na mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa kwa kuwashirikisha watumiaji wenyewe, na watu wa kuangalia kama kanuni zinafuatwa. Kanuni zilikuwapo, na adhabu pia. Tofauti ni kwamba aliyebanwa na kanuni alikuwa na sauti katika kuitunga. Kosa letu sisi halikuwa ua. Lilikuwa kuuzungusha kabla ya kumwita aliyekuwa ndani.

Basi twarudi kwenye swali letu. Mahali palipofufuliwa ni amana mikononi mwa wenyeji, na uenyeji haupatikani kwa jasho la siku moja wala haupotei kwa umaskini. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaitumia kumkumbusha mgeni wajibu wa kazi. Lakini yatufundisha pia kwamba apewaye jembe hahesabiwi tena kuwa mgeni. Anayetaka kufufua mahali na ajiulize mambo matatu kabla ya kupiga jembe la kwanza: nani yuko hapa sasa, nani atakayebaki nje ya lango, na nani atakayeshika ufunguo sisi tukihamishwa. Asiye na jibu la swali la tatu amepamba mahali, hajapafufua.

Kiswahili chatuambia kwamba kutunza ni kulinda, na katika ngoma na harusi neno hilohilo ni kumpa mtu zawadi hadharani. Kwa wanafunzi wetu maana hizo mbili zisitengane. Atunzaye bonde alilinde, na wakati huohuo alitoe: kwa mama wa magimbi, kwa mtoto mwenye ndoo, na kwa yule wa mbali ambaye atayanywa maji yake bila kulijua jina lake.