Ruhusa ya Mzee

Huku kwetu Meru, ukitaka kumtukana mtu bila kutoa tusi, sema tu kwamba mama yake yuko nyumba ya wazee. Mchungaji akifika kwenye Amri ya Nne, ambayo kwa hesabu ya Katekisimo yetu ya Kilutheri ndiyo ya kuwaheshimu wazazi, makao ya wazee lazima yatajwe, na yakitajwa, Wazungu hawakosi kutajwa pamoja nayo. Kanisa zima linaguna. Kisha tunatoka nje kwenye mnada wa mavuno, na mkungu wa ndizi unapandishwa bei mpaka unapita matumizi ya mwezi ya bibi aliyeachwa nyumbani na binti wa kazi.

Yesu aliwakaripia watu wa namna hiyo. Marko sura ya 7 inasimulia waliotenga mali kwa jina la Mungu, wakaiita korbani, wakawa hawana tena cha kuwapa wazazi wao. Sijawahi kusikia sura hiyo ikihubiriwa siku ya mnada.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa katika usharika mmoja juu ya Usa River. Mama yangu alikuwa mtoto mwaka 1951, serikali ya Waingereza ilipowafukuza Wameru Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto, watu wakaambiwa wahamie Kingori. Mwaka uliofuata Mmeru mwenzetu, Kirilo Japhet, alipeleka shauri hilo Umoja wa Mataifa, New York. Mtu wa umri wa mama ukimwambia kuna mahali pazuri pa kuhamia, patakapomfaa zaidi, ujue maneno hayo si mageni masikioni mwake.

Hofu ya makao yenyewe ina mizizi pia. Baadhi yake, kama Nunge kule Kigamboni, yalihifadhi wagonjwa wa ukoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema matunzo ni ya familia na jamii kwanza, makao ni hatua ya mwisho. Ni msimamo mzuri, lakini una matokeo yake: anayepokelewa makao ya serikali huwa ameshatangazwa kwamba hajiwezi na hana mtu. Ndiyo maana hata wenye watoto sita wanaogopa kulitamka neno lenyewe.

Kina mama wa usharika wetu tuliwahi kwenda makao ya wazee ya Magugu, njia ya Babati, tukiwa na sabuni, mchele na kanga. (Kupeleka mchele Magugu, kwenye mashamba ya mpunga! Wenyeji walitucheka.) Nilikaa na babu mmoja ambaye baada ya shikamoo aliniuliza bei ya ng'ombe mnadani. Nikamuuliza maisha ya pale. Akasema chakula kinakuja, dawa zinakuja, usiku analala. Akageuza fimbo yake mkononi, akaongeza: "Ila mwalimu, hapa hakuna anayeniomba ruhusa."

Nilidhani ananung'unikia wahudumu. Sivyo. Alinieleza kwamba nyumbani, hata alipokuwa haoni vizuri, mtu hakuuza mbuzi bila kumpitia. Alijua watamuuza mbuzi hata akikataa. Lakini walikuja, wakasimama mlangoni, wakasubiri aseme. Kusubiriwa huko ndiko alikokukosa, na sikuona sabuni yetu ingemsaidia nini.

Mdogo wangu yuko Minnesota. Kazi yake ni kuwaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kutokana na mshahara huo anatuma pesa za kumlipa binti kutoka Singida anayemwogesha mama yetu. Nani anamwogesha bibi wa yule binti, hatujawahi kuuliza. Mdogo wangu anasema huko pia wapo walioletwa wakilia na watoto wakaonekana Krismasi tu. Lakini yupo mama mmoja aliyeuza nyumba yake mwenyewe, akachagua chumba mwenyewe, na ufunguo anauvaa shingoni. Wanawe wakimtembelea wanabisha hodi.

Kwangu, swali la Amri ya Nne liko hapo. Amri inataka heshima. Haikusema ni chini ya paa la nani. Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, ingawa Injili inataja kwamba alikuwa na ndugu. Na alipomweleza Petro uzee utakavyokuwa, hakutaja njaa wala upweke. Alimwambia kwamba mwingine atamfunga mshipi na kumpeleka asikotaka. Nikisoma hapo sioni kosa la jengo. Naona kosa la anayemvalisha mzee viatu bila kumwambia wanakwenda wapi. Na hilo hufanyika pia kwenye kihamba, shamba la ukoo, chini ya migomba ya babu, kwa mama anayeletewa chakula cha loshoro kila siku bila kuulizwa kama anakitaka.

Wenzangu barazani wananiambia natafuta kisingizio cha kumtupa mama. Labda. Mimi nilikwenda kumuuliza.

Hakushtuka hata kidogo. Alisema kama ingekuwepo nyumba ya wazee hapa hapa Meru, angekwenda miezi ya mvua, njia ikiteleza, akae na wenzake wanaojua nyimbo za zamani. Binti wa kazi ni mtoto mzuri, alisema, lakini mazungumzo yake ni simu. Kisha akaweka masharti. Azikwe kihambani, kando ya baba. Ng'ombe asiuzwe. Na shamba lisigawanywe yeye akiwa hayupo, kwa sababu anawajua wanawe: mzee akitoka mlangoni, futi ya kupimia inaingia dirishani.

Akataka hilo la mwisho liandikwe mbele ya mshili wa ukoo, watoto wote watie sahihi. Mdogo wangu amekubali kwa simu kutoka Minnesota. Mshili atakuja Jumamosi. Kaka yetu wa Dar, ambaye ndiye anayeipinga zaidi nyumba ya wazee, amesoma ujumbe kwenye grupu la familia na mpaka sasa hajajibu.