Ulimi wa Mwenye Kufunga

Mpishi aliyefunga Ramadhani huonja mchuzi kwa ncha ya ulimi, kisha hutema. Wanazuoni wamempa ruhusa hiyo kwa ajili ya haja yake, mradi kitu kisipite kooni. Naye kwa tone lile moja hutoa hukumu: chumvi imekolea, ndimu haijatosha, tui bado bichi. Nyumba nzima humwamini. Lakini hapana mtu, si yeye wala wanaongoja adhana, atakayesema kwamba mpishi yule amekula.

Swali ninalotaka kuliweka mbele ya wasomaji wa kurasa hizi ni la ulimi huo. Mtu aliyeonja tu ana haki gani ya kusema? Na akisema, anadaiwa nini na wale wanaomsikiliza? Siku hizi kila mtu ana neno juu ya kitabu alichokisoma jana, au alichokifungua jana, au alichokiona jana mkononi mwa mwenzake. Neno hilo hutolewa kwenye kahawa, kwenye daladala, msibani hata. Wengi watanijibu kwamba hayo ni mazungumzo tu, na mazungumzo hayajapata kumuua mtu. Jawabu hilo sina hakika nalo, na ili nieleze kwa nini, sharti nipitie jikoni kwangu.

Ninaishi Makumira, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Moshi, chini ya Mlima Meru. Mtu wa pwani akihamia huku hulazimika kujifunza kupika upya, kwa sababu ambayo haionekani kwa macho. Tupo kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Hayangoji zitimie 100. Kwa hiyo maharage ambayo kule chini yangeiva kabla ya mwisho wa kisomo, huku yanakula mkaa mpaka mwenye nyumba akate tamaa. Wenyeji wana dawa yake ya tangu zamani, nayo ni magadi. Kijipande kidogo kikitiwa chunguni, makande hulainika upesi na mkaa husalimika. Ladha yake ikizoeleka, ya bila magadi huonekana pooza.

Na maji yenyewe! Yanashuka kutoka mlimani, baridi, maangavu, matamu. Ukimpa mgeni wa pwani, aliyezoea maji ya kisima yenye chumvichumvi, atakunywa gilasi mbili na kumshukuru Mungu. Atatoa maoni yake papo hapo: maji ya huku ni safi. Ulimi wake haukumdanganya kwa lile unaloliweza. Lakini Meru ni mlima wa volkano, na maji ya chemchemi zake nyingi yamebeba floraidi kupita kwa mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Ulimi hauionji. Jicho haliioni. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yanapopungua kwa mvuke, hiyo hubaki palepale na kuzidi kukolea. Na magadi yale yanayoivisha makande huongeza nyingine.

Matokeo yake yamo vinywani mwa watu. Meno ya kahawia ya huku kwetu hayatokani na uchafu wala uvivu wa mswaki, kama wageni wanavyodhani. Jino huharibika likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo, na uharibifu huonekana likishaota. Yaani kijana wa miaka 12 akicheka mbele yako leo, anakuonyesha maji aliyokunywa akiwa na miaka 3. Kiwango kikizidi sana na miaka ikiwa mingi, hata mifupa hupindika.

Kwa hiyo nyumbani kwangu kumekuwa na majaribio. Maharage nayaloweka tangu jioni, asubuhi namwaga maji yale, napika bila magadi, na juu ya mfuniko naweka jiwe ili mvuke usitoroke. Ya kunywa na ya uji wa watoto nakinga paani, kwani maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Kuna na njia ya mkaa wa mifupa, iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Usa River: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo mpaka iwe mkaa, ikapondwa chengachenga, ikajazwa ndooni, na maji yakipita humo huacha floraidi yao kwenye chenga zile. Ni ajabu kwangu kwamba mfupa, ambao ndio unaoumizwa, ndio unaotibu. Ila mkaa ule huchoka. Ukishashiba floraidi hauchukui tena, na maji yanayotoka yana ladha ileile ya siku ya kwanza. Mwenye kutegemea ulimi hatajua siku gani ndoo yake ilikoma kumsaidia.

Sasa narudi kwenye vitabu, maana msomaji ameshaona ninakoelekea. Kurasa kumi za mwanzo za kitabu zinakupa chumvi yake: lugha imekolea au haikukolea, mwandishi ana sikio au hana. Hayo mwonjaji anaweza kuyasema, na mara nyingi husema kweli. Lakini yako mambo katika kitabu ambayo hayana ladha. Yale yanayomwingia mtu taratibu na kukaa mifupani hayajitangazi kwenye ncha ya ulimi, na mengine huonekana baada ya miaka, katika namna mtu anavyomjibu mkewe au anavyompita maskini njiani.

Nichukue mfano ambao watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1974, na mabishano juu ya utungo usio na vina wala mizani hayakwisha hata mwenyewe alipofariki mwaka 2020. Mimi ni mtu wa vina. Natunga kwa vina na nitazikwa navyo. Hata hivyo nimekutana na wenzangu wa upande huu huu ambao hoja yao yote juu ya kitabu kile ni kwamba waliufungua ukurasa wakaona mistari haitoshani. Hao hata kuonja hawakuonja, wameangalia sahani. Na nimekutana na vijana wa upande wa pili wanaosema tarbia ni ngoma isiyo na mchezo, ilhali hawajapata hata siku moja kuisikia ikighaniwa. Shairi letu mlango wake ni sikio. Anayelisoma kimya kwa macho, kisha akasema ni kavu, amekula wali mbichi na kumlaumu mkulima.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Utenzi wa Mwana Kupona, alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, umekuwa na bahati mbaya ya kupendwa na kuchukiwa kwa kijiko kimoja. Wako wanaompa bibi harusi zile beti za kumtumikia mume, wakasema: haya ndiyo malezi. Wako wanaozisoma beti zilezile wakasema: huu ni mwongozo wa utumwa. Wanagombana vikali, na wote wawili wamechota pahala pamoja. Sisemi kwamba beti hizo hazimo au kwamba hazina uzito wake. Zimo, na mwanamke wa leo ana haki ya kuzijibu. Nasema kwamba kuna mwanzo kabla yake, mama anapomwita mwanawe aje na wino na karatasi, na anapomwambia kuwa maradhi yamemshika muda mrefu. Na kuna dua ndefu baada yake. Aliyeruka hayo amepata kanuni za nyumba bila ya mwenye nyumba.

Hapa lazima nijipinge, kwani nisipojipinga mimi, mhariri ataletewa barua. Ikiwa atakayesema ni yule tu aliyekula chungu kizima, nani atabaki kusema? Mimi sikuingia chuo. Kufasiri nimejifunza kwa kamusi mbili na taa ya mafuta, na kila nilichosema juu ya kitabu kwa miaka mingi kilikuwa neno la mtu wa kando. Chuo kikubwa kiko hapa Makumira, hatua chache kutoka kwangu, na nawaheshimu waliomo. Lakini siku ushairi wa Kiswahili utakapokuwa mali ya wenye vyeti peke yao, tutaufukia. Umeishi barazani. Umeishi kwa sababu mvuvi na muuza kahawa walikuwa na maoni.

Naam, lakini tuwatazame hao wa barazani walitoaje maoni yao. Muyaka wa Mombasa na washindani wake hawakusemana kwa maneno ya bure. Walijibizana kwa beti. Ndivyo ilivyokuwa hata katika kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923: asiyekubaliana na shairi aliandika shairi. Alilazimika kuhesabu mizani, kuitafuta kina ya kati, kukesha. Kabla hajamwambia mwenzake kwamba amepotoka, alikuwa ameshalipa. Maoni yale yalikuwa mepesi kwa sauti na mazito kwa gharama. Sioni ubaya wa neno jepesi. Naogopa neno ambalo msemaji hakulipia kitu, na anayelipa ni mwingine: kijana aliyekiacha kitabu kwa sababu mkubwa wake alikizomea, au mtunzi chipukizi aliyefunga daftari lake. Jikoni angalau mwenye kujaribu hula alichokipika.

Kwa hiyo kwangu nimeweka sharti dogo, nalo nawapa wanaonitembelea: kabla ya kusema kitabu ni kizuri au kibaya, sema umefika wapi. Mathalan, mimi sasa niko kwenye Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza kitabu kilitoka mwaka 1994; kwa Kiswahili kimetufikia mwaka 2022, baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Cha Kiingereza nilikimaliza zamani. Cha Kiswahili niko nusu. Kwa nusu hiyo nasema: jina lenyewe limepata kitu ambacho Kiingereza hakikuwa nacho, kwani neno letu la pepo lina bustani ndani yake, na lina mashetani pia, na upepo hauko mbali. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaitazama bustani ya tajiri Aziz kama mtu aliye nje na ndani kwa wakati mmoja. Kama Kiswahili kitamfikisha mwisho kwa nguvu ileile, nitasema nikifika.

Sharti hili lilitetereka kwa sababu ya jirani yangu, mama wa Kimeru, mkulima wa migomba na kahawa. Yeye ndiye mwonjaji wa majaribio yangu. Safari moja nilipika loshoro, kile chakula chao cha mahindi na ndizi kwa maziwa ya mgando, ila mahali pa mgando nikatia tui la nazi zilizotoka Tanga. Alikula sahani nzima, akafuta mkono. "Ni tamu," akasema. "Inaitwaje?" Katika miaka yangu ya kufasiri sijapata uhakiki uliokamilika kama ule. Hakunitukana, hakunisifu, aliniambia tu kwamba nimepika kitu kingine, na kitu hicho kinastahili jina lake.

Basi siku nyingine alikuja kuomba mkaa akanikuta naughani utenzi wa Mwana Kupona. Akasimama mlangoni, akasikia beti tatu au nne za mwanzo, huku nikimweleza maneno ya Kiamu yaliyomshinda. Kisha akasema, "Huyu hafundishi. Huyu anaaga." Sharti langu lingemnyamazisha: hajafika popote, hajui aliyetunga ni nani, hajui hata kwamba kuna watu wanaogombana. Nami nimeusoma utenzi ule zaidi ya mara ishirini, na sikupata kuusema hivyo.

Nilipofikiri zaidi nikakumbuka kwamba mama huyu alimuuguza mama yake mzazi mwaka mzima, katika nyumba ile ile anayokaa. Mpishi mwenye kufunga naye, kwa kweli, tunamwamini kwa sababu ameshaula mchuzi ule mamia ya mara katika siku zisizo za saumu. Tone la leo linaingia kwenye kinywa kinachokumbuka. Basi huenda swali la kumuuliza mwonjaji si ukurasa wa ngapi. Huenda ni kula kwake kwa zamani: amekula nini, wapi, na nani. Lakini hilo nalo nitalipimaje kwa kijana wa miaka 20 anayeniambia kwamba Kezilahabi anamchosha?

Mama yule hakuondoka. Aliuweka ule mkaa chini, akavuta kigoda, akaniambia niendelee. Tuliufikisha mwisho baada ya siku nne, kwa kuwa kila jioni maharage yake yalikuwa motoni, na yeye bado anapika kwa magadi.