Ng'ombe Hupumzika; Je, Mama?

Mungu alipoamuru siku yake itakaswe, hakumwagiza mtu mmoja peke yake apumzike. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, aliwataja mwana na binti, mtumishi na mjakazi, mgeni, hata mnyama wa kazi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, humtaja waziwazi ng'ombe. Basi, amri hii yampasa mwenye nyumba awape nafuu wote wanaomtegemea.

Na tuitazame Singida wakati wa kilimo. Mvua huko ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, nayo haimngojei mvivu. Jumamosi jioni baba huwafungua ng'ombe nira, na Dominika wanyama hao huenda malishoni. Ni vema. Lakini mama aliyepalilia alizeti na mtama, akateka maji, akafua sare za shule, amefunguliwa nira gani? Dominika alfajiri anawasha moto, anapika uji, anaogesha wadogo, anatafuta kiatu kilichopotea. Baba ametangulia kanisani, naye ameketi mbele. Mama anafika Injili imekwisha kusomwa, mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Mdogo akilia, ni yeye atokaye nje. Misa ikiisha, baba hukaa kivulini na wenzake. Mama hukimbilia jikoni, maana wageni waja na kuku hajachinjwa.

Mtu atasema: watoto hawana Dominika, sharti wale. Ni kweli. Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe, katika Luka sura ya 14, aliwauliza Mafarisayo ni nani asiyemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato. Katekisimu ya mwaka 1992 nayo hukubali kwamba mahitaji ya jamaa ni sababu halali ya kufanya kazi siku hiyo. Kulisha mtoto si kosa. Kosa ni kuutwika mzigo wote mgongo mmoja, kila juma, mwaka mzima.

Mwaka 1998 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake Dies Domini, alifundisha kwamba siku ya Bwana ni siku ya mwanadamu pia: siku ya furaha, ya pumziko na ya kushirikiana. Je, kushirikiana kutaanzia wapi, kama si nyumbani?

Basi yatupasa kuanza Jumamosi. Kabla ya jua kuchwa, maji yawe yametekwa na kuni zimepasuliwa, na wavulana wafanye kazi hiyo sawa na dada zao. Njiani kwenda kanisani baba ambebe mtoto mmoja, aketi naye, na akilia, baba atoke naye kwa zamu. Adhuhuri chakula kiwe chepesi. Baba na watoto waoshe vyombo, mama akae. Jioni wote wasali pamoja, hata kama ni tendo moja tu la Rozari, maana wadogo husinzia upesi.

Enyi akina baba, mtoto hujifunza amri ya tatu kwa macho kabla ya kuisoma katika katekisimu. Akiona mama yake hana Dominika, ataamini kwamba Mungu huwahurumia ng'ombe kuliko akina mama. Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Familia Takatifu, atuombee.