Na Sisi Tulisukuma

Mpwa wangu alikuwa na miaka 19 na alizijua nyimbo zote za yule kijana mwenye gitaa. Si viitikio tu, hata ubeti wa mwisho ambao redio huukata ili matangazo yapate nafasi. Basi aliposikia kwamba anakuja kuimba huku kwetu, kando ya barabara ya Namanga, badala ya Nairobi ambako kurudi Kitengela usiku wa manane ni taabu, alinipigia simu mara tatu kwa siku moja. Mamake, ambaye ni dada yangu, alikuwa ameshakata shauri: "Utaenda na Anko, la sivyo utalala." Ndivyo nilivyogeuka mlinzi. Na ninaandika haya kwa sababu mlinzi mwenyewe ndiye aliyekosea.

Sitalitaja jina la uwanja wala la mwimbaji. Yeye aliimba tu, tena kwa watu wachache, na waandalizi walikunja mabati yao siku nyingi zilizopita. Ninalotaka ulione ni dalili. Zilikuwepo, tena waziwazi, na nilizipita moja baada ya nyingine.

Ilikuwa Novemba 2023, vuli ile ya mvua kubwa. Alasiri nilipita pale nikitoka Isinya, nikaona vijana wakimalizia kupigilia mabati kuzunguka uwanja wote. Lango lilikuwa moja, upana wake wa kupitisha pikapu. Nikajiambia huenda kuna jingine nyuma. Sikuzunguka kutazama, ingawa ingenichukua dakika tano tu.

Tiketi zetu tulikuwa tumezilipia mapema kwa simu. Lakini siku yenyewe asubuhi wakatangaza kwamba hata langoni zitauzwa. Hapo ningejiuliza ni nani anayejua idadi ya watakaokuja. Sikujiuliza. Nilifurahi kwamba sisi tulikuwa nazo tayari, kama kwamba tiketi ni ngao.

Kisha ikanyesha, kama nusu saa hivi, kabla ya magharibi. Anayeishi Kitengela anaujua ule udongo wetu mweusi. Haukuchafui tu, unakushika. Kila hatua unaongeza tope chini ya kiatu, hadi unatembea kama umevaa matofali. Foleni iliyokuwa imenyooka kandokando ya kamba ikavunjika, watu wakahamia palipokuwa pamekauka. Palipokauka ni mahali pamoja tu: pale mbele ya lango, palipomwagwa kokoto.

Tulifika saa mbili na nusu usiku. Kijana mmoja alikuwa akikagua tiketi zote kwa simu moja. Bado namwona. Anapokea simu ya mteja, anaifuta matone kwa upindo wa fulana yake, anaielekezea ya kwake, anangoja, anatikisa kichwa, anajaribu tena. Nilimtazama kwa dakika nzima. Walipita watu wanne. Mbele yetu walikuwa kama mia tatu, na nyuma walizidi kumiminika. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne angeifanya. Mimi, mtu mzima, niliifanya nikaona kumbe tutangoja zaidi ya saa moja, nikakasirika. Kuogopa sikuogopa.

Halafu ndani gitaa likalia.

"Ameanza!" mtu akapaza sauti. Hakuwa ameanza. Baadaye tuliambiwa ni fundi wa sauti aliyekuwa akijaribu spika. Lakini nyuma yetu habari ilikuwa imeshafika, na wakasukuma. Nami nikasukuma. Nasema wazi ili usidhani hiki ni kisa cha wahuni wasio na tiketi. Niliweka viganja vyangu kwenye mgongo wa mtu nisiyemjua, nikaegemea kwa uzito wangu wote, nikijiambia kwamba ninampigania mtoto wa dada yangu asikose wimbo wa kwanza.

Na haikuwa kwamba sikuwa nimesikia. Mnamo Desemba 15, 2022, chini ya mwaka mmoja kabla ya usiku wetu, Asake wa Nigeria, mwimbaji anayejitungia nyimbo zake, alikuwa aimbe katika ukumbi wa O2 Academy huko Brixton, London. Ukumbi huo huchukua watu wasiofika 5,000. Nje palijaa wengine, milango ikasukumwa, onyesho likakatizwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Mmoja alikuwa mlinzi aliyekuwa kazini. Hawakubanwa karibu na jukwaa. Ni pale mlangoni. Wiki mbili baadaye, usiku wa kuukaribisha mwaka 2023, umati uliokuwa kwenye tamasha katika jumba la Freedom City, Kampala, ulitoka nje kutazama fataki, na katika njia nyembamba msongamano ukawaua watu wasiopungua tisa, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Na kama tunasema hayo ni ya wenzetu, Oktoba 2010 watu saba walikufa katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, umati ulipokuwa ukigombea kuingia.

Habari hizi zote nilikuwa nimezisoma. Nilitikisa kichwa, nikasema maskini, nikageuza ukurasa.

"Anko," mpwa wangu akaniambia bila kugeuka, "siwezi kuinua mikono."

Nikamwambia avumilie kidogo, tunakaribia.

Hilo ndilo jibu ninalolijutia kuliko yote. Kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya mwisho, na aliitoa kwa kinywa chake. Wataalamu wa mikusanyiko husema watu wakizidi watano katika mita moja ya mraba, hatari imeanza. Wakizidi zaidi ya hapo, mwili wako si wako tena. Unapelekwa. Mtu wa nyuma akiegemea kidogo, na wa nyuma yake kidogo, uzito unajumlika hadi wa mbele anabanwa kifua kisiweze kufunguka. Sisi huliita tukio hilo mkanyagano, na nadhani neno lenyewe linatupotosha, maana linatufanya tuwaze watu wakikimbia na kukanyagana. Wengi hawakanyagwi. Hukosa pumzi wakiwa wamesimama wima, na walio mita kumi nyuma yao wanaendelea kuimba.

Mpwa wangu alitokwa na kiatu, ile ndara yake ikabaki topeni. Akajaribu kuinama aiokote. Nashukuru hakukuwa na nafasi ya kuinama, kwa sababu anayeinama pale hainuki. Kisha kichwa chake kikalegea begani mwa mtu wa mbele, na nikagundua kwamba hakuwa amesimama kwa miguu yake. Tulikuwa tumemshikilia sisi, kwa kumbana.

Aliyetuokoa ni mwendesha boda. Alikuwa amesimama juu ya kiti cha pikipiki yake kando ya ukuta, akitaka kuchungulia onyesho bure. Kutoka kule juu hakuona jukwaa, aliona nyuso zetu. Ndiye mtu pekee pale aliyeweza kuziona. Akapiga kelele, "Rudini nyuma! Rudini, watu wanakufa!" Kisha yeye na wenzake wakashika bati wakalivuta hadi misumari ikang'oka, wakang'oa na la pili, na umati ukamwagika kando kama maji yaliyopata mfereji. Mama mmoja muuza mayai alimlaza mpwa wangu juu ya meza yake, akamfungua vifungo vya shingoni na kumpepea kwa kifuniko cha sufuria. Alipata pumzi. Mtulinga ulikuwa umevunjika. Usiku ule hakufa mtu, nami sina maelezo ya kwa nini.

Wakati tukingoja bodaboda zitupeleke hospitali, nilisikia mwimbaji ameanza kweli. Ulikuwa wimbo aupendao mpwa wangu. Hakuusikia.

Nilidhani yaliyotupata yangekuwa somo la mji mzima. Lakini Agosti 2025 Asake yuleyule wa Brixton alipokuja kuimba KICC, Nairobi, msongamano ulitokea tena, na binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu hakurudi nyumbani. Nilipoisoma habari ile nilikaa chini. London, baada ya vifo vile, leseni ya ukumbi ilisimamishwa, na ulipofunguliwa tena Aprili 2024 ulikuwa umewekewa masharti 77, yakiwemo milango imara zaidi na utaratibu mpya wa kuwapanga watu. Sisi huku tunayo kanuni ya kuomba kibali, na waandalizi wetu wengi ni watu wema wanaojaribu. Lakini tusijidanganye ndugu zangu, kibali hakisimami langoni saa tatu usiku. Wanaosimama ni mimi na wewe.

Kwa hiyo nakusihi, nami najisihi. Ukiona lango ni moja, tafuta la pili kabla ya kutafuta kinywaji. Ukiona foleni imekuwa rundo, kaa pembeni, hata kama umelipa, hata kama mtoto analia. Ukihisi mabega ya watu yanakugusa pande zote nne, ondoka wakati huo huo ambapo bado unaona haya kuondoka, kwa maana haya ikiisha njia nayo imeisha. Ikiwa umeshabanwa, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ujiachie nafasi ya kuvuta pumzi, usipoteze pumzi hiyo kwa makelele, na usirudi kinyume na wimbi. Ngoja litulie kidogo, ndipo usogee kimshazari kuelekea ukingoni. Simu ikianguka, iache. Na ukiwa nyuma, ukamsikia mtu wa mbele akilia, usidhani ni furaha.

Mwezi uliopita mpwa wangu alipita kwangu siku ya Jumamosi akiwa na begi dogo. Yule kijana wake mwenye gitaa alikuwa akiimba Nairobi. Bega limepona, ingawa siku za baridi humuuma. Akaniomba nimsindikize hadi steji ya matatu. Nikatazama saa, ilikuwa saa nane mchana.

"Si onyesho ni usiku?"

"Ni usiku, Anko. Nataka kuona milango iko wapi kabla watu hawajafika."

Alikuwa amevaa raba, kamba amezifunga mafundo mawili.